Mikono Iliyotoka Kwenye Sufuria

Shida yangu ilianza mwaka wa 1953, nikiwa na miaka tisa. Sikusoma sana. Darasa la pili tu, na hata hilo sikulimaliza. Kwa hivyo nitaandika vile ninavyoongea, na asiyependa aweke chini.

Tulikaa kwenye shamba la mzungu huko juu Dundori, katika laini ya wafanyakazi. Mama alichuma pareto, na sisi watoto tulichuma pia, umande ukishakauka, kwa sababu ua likichumwa na maji linaozea kwenye gunia na nyapara analimwaga. Mchana tulienda shule ya shamba. Pareto haina neno na watu wengi. Mimi ilinikataa. Msimu ule wa kwanza macho yalifura, ngozi ya mikono na shingo ikapasuka, ikawa na vipele vigumu. Siku hizi najua ni ile dawa iliyo ndani ya ua, ile ya kuua wadudu. Wakati huo hakuna aliyejua.

Binti ya nyapara alinizidi kama miaka mitatu. Siku moja pale bombani alishika mkono wangu kwa ncha za vidole, akainamisha kichwa, akasema, "Haki huyu ni chura. Njooni muone." Watoto wakacheka. Mimi pia nilicheka. Sikujua kwamba jina linaweza kumng'ang'ania mtu kama kupe.

Tangu hapo nikipita, "Kroo!" Mwalimu akiita jina langu, kabla sijafungua mdomo, huko nyuma ya darasa, "Kroo! Kroo!" Mwalimu alikuwa akichapa meza wanyamaze. Siku moja yeye mwenyewe alishindwa, akageukia ubao, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Nilimwona. Nikaacha kuitikia. Usipoitikia unaandikwa hayupo, na kweli pole pole nikawa sipo.

Hayo ningevumilia. Kilichonivunja ni chakula.

Kule laini akina mama walipikia watoto kwa zamu, kwa kuwa wote walishinda shambani. Ugali na maziwa, au githeri, sufuria moja kubwa, sisi tumechuchumaa kuizunguka. Hakukuwa na sahani. Mkono wako ndio kijiko chako, na ukizubaa unalala njaa. Basi binti ya nyapara akasema, "Huyu akitia mkono humu, sote tutaota vipele." Wakaanza kunitilia changu kwenye jani la kabichi, kando, mahali kuku walikuwa wakidonoa.

Nilimwambia mama. Lakini ilikuwa Hali ya Hatari, vita vya Mau Mau, askari wakiingia laini wakati wowote wakitaka, wanaume wakichukuliwa. Mama alikuwa na hofu kubwa kuliko uso wangu. Alinijibu bila kugeuka, "Una mkono na una mdomo. Kesho usikule kwa jani. Enda uketi nao, utie mkono. Watakufanya nini?"

Kesho yake nikaenda. Nikajipenyeza, nikaketi, nikatia mkono.

Mikono yote ikatoka. Yote kwa pamoja, kama vifaranga wameona mwewe. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyelia kroo. Walikaa tu na mikono hewani, ugali bado vidoleni, wakimtazama binti ya nyapara. Mmoja wa hao alikuwa ndugu yangu mdogo, tumbo moja. Alikuwa ameficha mkono wake kwapani.

Binti ya nyapara akasema kwa upole, "Kula basi, Chura. Maliza."

Nikala. Nilikula huku wananitazama, wale wadogo wakilia njaa, nikakwangua mpaka ukoko. Kisha nikaenda nyuma ya choo nikatapika yote.

Shule sikurudi, wala pareto. Nilipelekwa zizini kuangalia ndama, na mbali na yale maua ngozi ikapona. Ngozi ni kitu rahisi. Lakini nilikua msichana wa kuongea na ndama. Mume wangu alipokuja kuniposa nilificha mikono ndani ya shuka, na haikuwa na kasoro hata moja. Nyumbani kwangu nilipakulia watu wote, nikala mwisho, nimesimama jikoni. Wakwe walinisifu eti nina adabu.

Mali nilipata kwa maziwa na viazi, kwa mgongo wangu. Mzungu alipoondoka na shamba likagawanywa, tulinunua kipande.

Miaka michache iliyopita palikuwa na harusi kwa jirani. Sisi wanawake tuliopika tukamaliza kupakulia wageni, tukazunguka karai la mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, kwa mikono, maana wapishi hula hivyo. Bibi mmoja mzee akaja akachuchumaa kando yangu. Nilimjua kwa vile alivyoinamisha kichwa: binti ya nyapara.

"Haiya! Si wewe ni yule wa laini ya chini? Jameni, huyu tumekua pamoja! Tumekula sufuria moja!"

Alisema hivyo kwa furaha, na machoni mwake sikuona uongo. Hakumbuki. Akatia mkono karaini, akasukuma sehemu laini upande wangu, vile mtu anavyomfanyia dada yake.

"Kula, dada."

Wanawake wote walinitazama. Nilitaka kutia mkono, Mungu anajua. Mkono ukakataa. Ukabaki ndani ya leso, na nikasikia vile vipele kama vimerudi.

"Nimeshiba," nikasema. Tangu asubuhi sikuwa nimeonja kitu.

"Huyu bado ana maringo!" akasema, na wote wakacheka.

Leo nina ekari sita, na hatimiliki. Nina nyumba ya mawe, ng'ombe watano wa gredi, tangi la maji, na mashine ya kukata majani. Nina bwawa ambalo vijana wangu wanataka nilifukie, kwa sababu mvua ikianza vyura hawanyamazi. Nimekataa. Nina sahani nzuri za wageni, seti mbili. Na nina bakuli moja la bati, liko juu ya kabati, ambalo hakuna mwingine anayekula nalo.