Mbuzi wa Tatu

Homa iliponiachia mara ya kwanza, mama alichinja mbuzi siku iyo hiyo. Kwetu Wajir mgonjwa akinyanyuka hakuna kungoja: nyama hupikwa, majirani na watoto wa madrasa hula, dua husomwa. Nilikaa mkekani nikitafuna ini, nikijiona bingwa. Baada ya juma moja hivi homa ikarudi kwa kishindo, nikatetemeka hadi kitanda kikapiga kelele. Ikaondoka tena, mama akachinja wa pili. Ikarudi tena.

Nilikuwa nimemeza dawa za malaria hadi masikio yakavuma. Mama, ambaye sasa aliwaonea haya hata majirani waliokula nyama yake, alinipeleka hospitali. Kabla sijafungua mdomo alimweleza daktari kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Hii homa hana adabu. Mimi nachinja mbuzi, yeye naenda. Nyama naisha, yeye narudi."

Daktari hakucheka. Aliniuliza nililala wapi kabla ya kuugua. Nikamweleza safari ya Tarbaj, kwenye mifugo ya mjomba. Tulifika huko jioni hoi kwa uchovu, tukakuta boma la zamani, uzio wake wa miiba bado umesimama, tukashukuru kwamba hatutakata miiba mingine. Tukatandika mikeka juu ya samadi kavu. Kumbe papasi, hao kupe wa mchangani, walikuwa wakitungoja humo tangu ngamia wa mwisho alipohama. Daktari aliitazama damu yangu kwa hadubini, akasema ni homa ya papasi, na kwamba ina dawa. Nililia palepale kwa furaha, bila haya.

Nilimeza vidonge, homa ikashuka. Lakini mama hakuchinja. Mbuzi wa tatu, beberu mweusi, alibaki amefungwa uani akila maboksi na kandambili zetu. Mama alipiga marufuku neno "amepona" nyumbani mwetu. Jirani akiulizia hali yangu, jibu lilikuwa kwamba nipo. Nipo tu! Hilo liliniudhi, tena lilinitisha, maana mama aliyekuwa akiamini kila nafuu yangu sasa alinigusa paji la uso kila nikipita. Nikaanza kujigusa mwenyewe. Upepo wa alfajiri ukinisisimua ngozi, nilijua homa hiyo inakuja.

Haikuja. Juma likapita, na jingine, nami nikawa nakomba sufuria hadi ukoko. Asubuhi moja mama alinikabidhi kamba ya beberu. Wale wawili wa kwanza, majirani ndio waliowapeleka kwa mchinjaji, mimi nikiwa bado kitandani.

"Mpeleke wewe," alisema.

Beberu alikita kwato, akanivuta kuelekea kwenye maboksi yake. Nikamvuta. Miguu yangu, ile ile iliyokataa kunifikisha chooni, ilisimama imara mchangani. Nilimburura hadi langoni huku jasho likinitoka, jasho la kazi tu. Jirani alichungulia juu ya ua, akamuuliza mama hali yangu kama kawaida yake.

Mama alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

"Amepona," akasema.