Maji na Nyumba za Benimasud

Sikwenda Hispania kutalii. Nilikwenda kumzuia mwanangu asihame.

Nasra ni binti yangu wa pekee. Amezaliwa hapa London, ameolewa na kijana wa Kihispania aliyesilimu na kuitwa Idris, na wana mtoto mmoja, Maryam, mwenye umri wa miaka mitano. Tangu nilipostaafu kazi ya kuwatunza wazee, mimi ndiye niliyekuwa nikimchukua Maryam skuli kila mchana, tukapita sokoni Southall kununua koliflawa au maembe, kisha tukaenda kwangu. Jumapili moja, tumekula, vyombo bado viko mezani, Nasra akaniambia kwamba wanataka kuhamia kijijini kwa kina Idris, mahali paitwapo Benimasud, milimani. Kazi zao wote wawili zinafanyika kwa kompyuta, na skuli ya huko ilikuwa ikitafuta mtoto.

Nikamuuliza skuli gani inayotafuta mtoto. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni skuli yenye watoto wachache mno, na akiongezeka mmoja tu haitafungwa.

Nilipoosha vyombo niliamua kwamba likizo ya Pasaka nitafuatana nao, nikaone kwa macho yangu, na nikirudi niwe na sababu za kutosha za kusema hapana.

Asubuhi ya safari tulipanda treni Southall, na kabla Maryam hajamaliza kuuliza maswali yake tukawa tumefika uwanja wa ndege. Nilibeba visheti na kilo moja ya mchele wa basmati, maana sijazoea kwenda kwa watu mikono mitupu. Mchana ndege ikatua Alicante. Idris akachukua gari la kukodi, tukaiacha bahari nyuma na kuanza kupanda.

Barabara ya mlimani ni nyembamba na ina kona nyingi. Pande zote mbili mlima umekatwa ngazi ngazi, kila ngazi imezuiwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Kwenye ngazi hizo kulikuwa na mizeituni na micheri, miti ya matunda ya cheri, iliyochanua maua meupe. Nyingine zilikuwa zimeota magugu na kuta zake zimeporomoka. Idris, ili nisitazame makorongo, alinipa maneno ya kwao yanayofanana na yetu. Machungwa ni naranja, nasi tuna narinji. Zafarani ni azafrán. Mtu usiyetaka kumtaja jina wanamwita fulano.

"Na sisi fulani," nikasema.

"Na kijiji chetu, Beni ni wana, kama bin," akasema. "Wana wa Masoud."

Nikamwambia kwamba kwetu Wete, Pemba, akina Masoud ni wengi, sikujua kuwa wengine walifika huku. Akacheka, lakini swali likanibakia kichwani: kama hawa ni wana wa Masoud, mbona mama yake anaitwa Remedios, jina la Kikristo?

Jioni tukaingia Benimasud. Ni kijiji cha mtaa mmoja unaopinda, nyumba zimebanana bega kwa bega, kanisa juu, chini yake chemchemi na birika refu la kufulia nguo lenye paa. Nyumba nyingi zilikuwa na vibao vya mbao vilivyofungwa madirishani. Mwanzoni nilidhani watu wamelala, kumbe hawapo.

Bi Remedios, mkwe mwenzangu, alitungoja mlangoni. Ni mwanamke mfupi, mjane kama mimi, anayetembea kwa kuegemea upande kwa sababu ya goti. Alinibusu mashavu mawili, akanishika mkono moja kwa moja hadi jikoni, akanionyesha sufuria mpya ambayo haijawahi kuingia nguruwe. Usiku tulikula wali wa samaki kutoka kwenye sufuria hiyo. Hatukuwa na lugha moja, kwa hiyo tulisifiana vyakula kwa vichwa na mikono.

Siku ya pili asubuhi mwalimu wa skuli, Amparo, alikuja kutuonyesha kijiji. Ni mama wa makamo, anazungumza Kiingereza cha polepole, na skuli nzima ni yeye na chumba kimoja chenye ramani na jiko la kuni. Alitupeleka kwanza kwenye mfereji. Unatoka chemchemini, unazunguka mlima kwa mteremko mdogo kiasi kwamba maji hayaendi mbio wala hayasimami, na kila shamba lina mlango wake wa kuyafungulia. Akasema waliouchimba ni Waislamu, walioishi bonde hili kwa mamia ya miaka. Kanisa limejengwa pale ulipokuwa msikiti wao. Ng'ambo ya kilima kulikuwa na kitongoji chao kingine, ambacho hakuna aliyekirudia tena. Tulikwenda hadi huko. Kuta zipo hadi kifuani, na ndani ya chumba kimoja umemea mti wa tini.

Nikamuuliza waliondokaje.

Akasema mfalme aliamuru wafukuzwe, zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Walishatiwa Ukristo kwa nguvu, na bado hawakuaminiwa. Waliteremshwa hadi baharini, wakapakiwa melini, wakapelekwa Afrika ya Kaskazini.

"Waliruhusiwa kubeba nini?"

"Kile walichoweza kukibeba wenyewe."

Nilikaa juu ya ukuta. Mama yangu alitoka Pemba baada ya Mapinduzi, mimi nikiwa mgongoni, na alichobeba ni kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye shuka. Meza yake aliiacha. Hadi anakufa hapa London alikuwa akiitaja ile meza, kwamba ilikuwa ya mninga na ilikuwa na droo mbili. Amparo aliniuliza kama nimechoka. Nikamwambia hapana, aendelee.

Akaendelea. Nyumba zilipobaki tupu, mabwana wa ardhi walileta masikini Wakristo kutoka visiwa vya huko huko Hispania, wakawapa nyumba na mashamba. Watu hao hawakujua lugha ya maji haya, wakajifunza kwa shida. Hao ndio mababu wa kijiji cha leo. Alilisema hilo waziwazi, bila kulipamba wala kuona haya, kama anavyowafundisha watoto.

Mchana tuliingia mkahawani kunywa chai. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya watu waliovaa vilemba na majoho ya hariri. Mwenye mkahawa alieleza, Idris akitafsiri, kwamba kila mwaka kijiji hucheza vita vya Wakristo na Wamoro, ndivyo wanavyowaita wale Waislamu wa zamani, na kila mwaka Wamoro hushindwa. Lakini wao ndio wenye nguo nzuri, kwa hiyo kila mtu anataka kuwa Mmoro. Alinitazama mtandio wangu na kusema mimi ningeingia bila majaribio. Sikujua nicheke au ninune. Nikacheka, chai yake ilikuwa nzuri.

Jumapili ilikuwa siku ya kusafisha mfereji. Kila mwaka kabla ya joto, kila nyumba hutoa mtu mmoja mwenye koleo. Zamani, nilielezwa, mstari wa watu ulianzia chemchemini ukaishia shamba la mwisho. Safari hii walitosha kuenea nusu ya njia, nao wengi wao wazee. Idris alivua shati akaingia na koleo. Mimi na Nasra tulibaki na Bi Remedios kwenye ukuta, kwa sababu ya goti lake, na Maryam alikwenda na watoto wa skuli kuokota majani.

Hapo ndipo Bi Remedios alipoanza kusema. Alimtazama mwanawe aliyekuwa hatua chache kutoka kwetu, akashusha sauti. Nasra, aliyejifunza Kihispania kwa mumewe, alimsikiliza, uso ukambadilika. Idris anajua Kihispania na Kiingereza, lakini Kiswahili hakijui. Basi mwanangu, ambaye tangu skuli ya msingi hajanijibu kwa Kiswahili zaidi ya maneno mawili, akanigeukia.

"Anasema, mama, tusije," akasema. "Anasema yeye alimlea mtoto wake ili aondoke. Hapa baridi ni ndefu. Hapa hakuna daktari. Anasema mtoto wetu atakuwa peke yake, atakuja kumlaumu. Anataka wewe utukataze. Anasema wewe utaelewa, kwa sababu wewe ni mama."

Zile ndizo zilikuwa sababu zangu. Nilikuja nazo kutoka Southall moja baada ya nyingine, na sasa zilitoka kinywani mwa mtu mwingine, kwa Kiswahili cha mwanangu chenye kukwama. Ilikuwa rahisi kusema ahsante, tumekubaliana. Macho ya Nasra yalikuwa yakingoja nilitamke.

Nikasema, "Mwambie hivi. Mimi kwetu nilifukuzwa. Yeye kwao ameachwa. Sote wawili tumeona nyumba zikifungwa. Hawa watoto wetu wanataka kufungua moja. Tuwazuie kwa sababu gani?"

Nasra hakutafsiri.

"Kuachwa," akauliza, "si talaka?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Kijiji kimeachwa kama mke."

Alipomfasiria, Bi Remedios alicheka hadi akashika goti, akasema basi yeye amepewa talaka na kijiji kizima. Kisha akafuta macho, na hakuwa anacheka tena. Alisema hajakubali. Alisema waje mwaka mmoja wa skuli, waonje baridi, na mtoto akinyong'onyea yeye mwenyewe atawafungia mizigo. Nikasema nami nitakuja kumsaidia kufunga.

Juu kule wakafungua maji. Yalikuja polepole, yakisukuma mbele povu na majani makavu, na Maryam na wenzake wakawa wanakimbia kando yake wakipiga kelele kwa lugha ambayo yeye hakuijua wiki iliyopita. Nilimtazama hadi alipopinda na mlima. Moyo uliniuma vilevile kama siku ile ya vyombo. Haukuniuma pungufu kwa kuwa nimeshakubali.

Siku ya kuondoka Bi Remedios alinipa mafuta ya zeituni na mche wa mcheri uliofungwa kwenye gazeti. Mche niliuacha kwa Amparo, maana uwanja wa ndege wasingeniruhusu kuupitisha. Wakati wa kushuka mlima sikuogopa makorongo.

Nimerudi Southall. Wao wamehama mwisho wa kiangazi, skuli imefunguliwa, na mchana sasa napita sokoni peke yangu. Nilichojifunza ni kidogo: kwamba mahali hapamilikiwi kwa jina la waliofika kwanza wala la waliofika mwisho, panabaki na yule anayeshika koleo mwaka huu. Na kwamba mtu anaweza kulijua hilo na bado akaikumbuka meza ya mama yake.

Jirani yangu Mama Jaspal, Kalasinga mzaliwa wa Nakuru, alikuja kunywa chai akanitaka nimsimulie safari yote. Aliposikia habari ya wale waliofukuzwa, akaweka kikombe chini. Familia yake nayo ilihama Kenya na masanduku.

"Walikuwa wamefanya makosa gani?" akaniuliza.

"Hakuna. Walikuwepo tu."

Akakichukua tena kikombe chake.

"Na hao waliopewa nyumba zao je?"

Nikamwambia, "Hao ndio wakwe zangu."