Nta Niliyopaka Breki

Hiyo baiskeli ilikuwa na sahani. Usicheke. Pale Tabaka tulikuwa tumezoea ile baiskeli nyeusi, breki yake ni mpira inashika rimu, basi. Hii ilikuja na mzungu mmoja alikuwa ananunua vinyago vyetu vya mawe, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Aliporudi kwao akamwachia omogaka wangu, yaani bwana yangu, kwa sababu ndiye alikuwa anamchongea ndovu nzuri kushinda watu wote. Katikati ya gurudumu kulikuwa na kisahani cha chuma, chembamba, kina matundu matundu. Ukishika breki, vipande viwili vidogo vinakibana huku na huku, baiskeli inasimama.

Watu walikuja kutazama. Jirani yangu, yule tulikuwa tunakaa naye chini tukisugua mawe, akaizunguka yote akasema, "Sahani nimeona. Sasa ugali inakuja saa ngapi?"

Lakini ile sahani! Bwana yangu alinifungia keria nyuma, siku ya Sabato ananibeba mpaka kanisani na kitambaa changu cha kichwa kinapepea. Tukiteremka mlima mimi nafunga macho. Yeye anaweka vidole viwili tu kwa breki, tunasimama polepole, kama mtu ametuita.

Halafu wanunuzi wa vinyago wakapungua, akapata kazi ya kukamua ng'ombe kwa shamba moja kubwa kule Nyansiongo. Akaenda na lori. Unajua aliniaga namna gani? Hakusema jichunge, hakusema nitakuwa nakukumbuka. Alisimama mlangoni akasema, "Angalia baiskeli isishike kutu. Mahindi ikivunwa, nimerudi."

Mahindi ikavunwa. Hakurudi. Akatuma maneno na mtu, ati ako sawa, ati ng'ombe ni wengi.

Jirani yangu akaniambia tukiwa kwa karai ya mawe, "Huko Nyansiongo kuna nyasi mpaka kiunoni na maziwa ya kunawa miguu. Wewe uko na nini hapa? Mawe."

Nikacheka na mdomo tu.

Sasa jioni moja, baada ya mvua, nikaona kwa ile sahani kitu nyekundu, kidogo tu, rangi ya udongo wetu. Kutu! Nilishtuka, we! Nilikuwa nimejiambia ndani ya roho, bila kuambia mtu, kwamba siku baiskeli hii itaoza, huyo mwanaume hatarudi tena. Ikikaa vile aliacha, atarudi.

Nifanye nini? Mimi shule nilionja tu. Kitu nilijua ni jiwe. Wanaume wanachonga, sisi wanawake tunaloweka ile kinyago kwa maji, tunaipiga msasa mpaka iwe laini kama shavu ya mtoto, tunaianika kwa jua, na ikiwa bado moto tunapaka nta na kitambaa. Jiwe ikishapakwa nta, maji inateleza tu juu yake. Basi nikasema, kama nta inalinda jiwe, chuma ni nani?

Nikatoa ile kutu na msasa, nikapaka nta. Sahani ya mbele, sahani ya nyuma. Na kila Ijumaa, nikimaliza kufagia na kuosha watoto, kabla Sabato haijaingia, nakaa chini kando ya baiskeli napaka tena. Kitambaa changu ilikuwa shati yake ya zamani. Ilikuwa bado na jasho yake kwa kola, kwa hivyo nilikuwa natumia mikono ya shati kwanza. Kola niliiacha mwisho. Mpaka leo sijatumia kola.

Mahindi ya pili ikavunwa. Sahani zilikuwa zinang'aa mpaka naona pengo yangu ndani.

Halafu Ijumaa moja niko hapo chini na nta mkononi, nikasikia, "Mama watoto."

Alikuwa amesimama hapo na kofia mpya, amenenepa mashavu. Nilikuwa nimejipangia maneno mingi ya siku hiyo, mazuri na mabaya. Yote ikapotea. Nikasema, "Baiskeli iko."

Akaizunguka. "Yaya, haiwezekani! Hii ni ile ile kweli? Hata kutu moja hakuna!" Akafurahi kama mtoto. Halafu akasema, akiwa bado anacheka, "Umenisaidia sana. Kule tunalala mbali na ng'ombe, natembea mpaka miguu inaisha. Nimekuja niichukue, Jumapili nirudi nayo."

Kumbe! Nilikuwa nimemtunzia kitu ya kuniacha nayo.

Nikasema, "Sawa." Nikaweka nta chini.

"Haya, panda," akaniambia. "Tuone kama inatukumbuka."

Nikapanda. Tukashika ule mteremko wa mtoni.

"Punguza," nikasema.

"Napunguza."

"Baba watoto, shika breki!"

"Nimeshika!"

"Shika ile ingine!"

"Nimeshika zote, mwanamke!"

Baiskeli ilikuwa inateleza kama sabuni. Tukaruka mtaro, tukaingia kwa ndizi ya jirani, tukalala hapo miguu juu, majani imetufunika. Jirani akatoa kichwa dirishani. "Si mngepitia tu mlangoni! Chai iko!"

Hakuna mtu aliumia. Bwana yangu akagusa sahani, akanusa kidole. "Umepaka nini hapa?"

"Nta."

"Nta ya mawe?"

"Kila Ijumaa."

"Kila Ijumaa gani?"

"Kila Ijumaa tangu uende."

Akatoa kofia yake mpya, akaiweka kwa magoti. "Kumbe nimekaa huko muda wote huo," akasema.

Baadaye ndio akanieleza, bila kelele. Ati ile kutu ya juu ya sahani si kitu. Ati ukiendesha tu na ushike breki mara mbili tatu, inajisafisha yenyewe. Kitu inataka ni kutumiwa. Lakini mafuta ama nta ikiingia kwa vile vipande vya kubana, vinainywa, haitoki haraka.

Akapeleka vile vipande Kisii mjini kwa duka la Mhindi kutafuta vipya, vya breki ya sahani. Yule mwenye duka akamwambia, "Mzee, sahani ziko rafu ile pale, za udongo na za plastiki." Alirudi akicheka njia yote.

Basi tukatengeneza wenyewe. Anaweka vipande juu ya makaa nta itoke, mimi napiga msasa, anajaribu, inateleza, tunaanza tena. Jumapili ikapita. Huwezi kwenda Nyansiongo na milima ile yote bila breki. Siku ya nne, akingoja vipande vipoe, akashika shoka akaanza kuchonga ndovu. Jumapili ingine ikapita pia. Sikumuuliza kitu. Ndiye alisema mwenyewe, akipuliza vumbi ya jiwe: "Hao ng'ombe watakamuliwa na wengine. Wewe umenifunga na nta."

Breki ikashika, lakini haikupona sawasawa. Ilikuwa inalia, kali, kama nguruwe. Akiteremka kutoka ng'ambo, naisikia kabla sijamwona, naweka maji ya chai kwa moto. Anafika maji ikichemka. Miaka yote hiyo, mpaka Mungu alipomchukua.

Baiskeli bado iko, imeegemea ukuta wa jikoni. Mvua ikinyesha, sahani inakuwa nyekundu. Sipaki kitu. Ikianuka naisukuma polepole mpaka kwa geti, nashika breki mara mbili, tatu, mpaka kutu itoke.

Inalia vile vile. Wajukuu wanaziba masikio, "Nyanya, aki wacha!" Mimi nikirudi jikoni nakuta nimeshaweka maji ya chai, ya watu wawili.