Chuma Begani mwa Pontien

Pontien alikuwa fundi wa redio na spika katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa miaka kumi na miwili, na hakuwahi kuogopa sumaku. Siku moja Wol, kiongozi wa kwaya, alimletea spika kubwa ya kanisa iliyokuwa ikikwaruza. Pontien akaifungua, akaitoa sumaku yake nzito ya mviringo, akaikumbatia kifuani huku mkono mwingine ukitafuta bisibisi.

Ngozi ya bega lake ikavutwa.

Alidhani ni mdudu. Akaiondoa sumaku, ikaacha. Akairudisha, na chini ya kovu lake la utotoni ngozi ikainuka, kana kwamba kuna kidole kinachosukuma kutoka ndani.

"Umeona?" aliuliza.

Wol alikuwa ameshasimama. "Toa hiyo kitu, fundi! Nini iko ndani yako?"

Hakujua. Dada yake Sylviane, aliyemlea na ambaye humwita Yaya, alimwambia siku zote kwamba alianguka mperani kwao Fizi, Kongo. Lakini mpera hauachi chuma mwilini.

Alipopata kibali cha kutoka kambini, akaenda hospitalini Lodwar kupigwa eksirei. Mpiga picha akamweleza kwamba mawimbi ya mashine ile hupenya nyama, ila chuma huyazuia. Na kweli, pichani palikuwa na kitu cheupe pe, chenye ncha tatu na ukubwa wa punje ya mahindi.

"Hiki ni kipande cha bomu," daktari alisema. "Kimetulia, na tunaweza kukitoa. Ila usiingie kamwe kwenye mashine ya MRI. Sumaku yake ni kali mno, itakisogeza."

"Bomu gani, daktari?"

"Hilo uliza nyumbani."

Sylviane alikuwa akichambua maharagwe alipowekewa ile picha mbele yake.

"Yaya, huu ni mpera gani?"

Sylviane aliyaweka maharagwe kando. "Ulikuwa na miaka mitatu," alisema. "Guruneti ilianguka uani. Mama alikulalia juu. Vipande vingine vyote vilimpata yeye. Hicho kimoja ndicho kilichompita."

"Uliniambia alikufa kwa kipindupindu, njiani!"

"Ungekua vipi ukijua?"

Pontien akaketi mchangani. Miaka thelathini alikuwa akiulaumu ugonjwa. Alitaka kumkasirikia dada yake, hasira ikakataa kuja; ulikuja ubaridi tu, katikati ya lile joto la Kakuma, hata meno yakagongana.

"Mlimzika wapi?"

Sylviane hakuwahi kuulizwa swali hilo. Akamweleza: nyuma ya kanisa lililoezuliwa paa, karibu na mto; yeye, mtoto wa miaka kumi na mmoja, na majirani wawili, wakichimba kwa jembe moja kwa zamu.

Siku aliyopangiwa kurudi Lodwar kutolewa kile chuma ilipofika, hakwenda. Wol alipomuuliza, alisema tu kwamba bado hajawa tayari kuachana na kitu pekee alichobaki nacho cha siku ile mama yake alipomlalia.