Macho Yaliyonikamatisha Mpondwe

Mwanangu, hebu kaa hapa kidogo. Nimechoka kukusikia ukimfokea huyo mwanao, "Acha kupepesa macho!" kila tukikaa kula. Kufokewa huko nakujua. Nililelewa nako Bwera, na iko siku nikiwa msichana ambayo mpaka leo haijanitoka.

Nilikuwa na mama, tunapeleka chumvi ya ziwani Kabatoro soko la Mpondwe, mpakani na Kongo. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa magendo ya kahawa. Macho yangu yalipepesa yenyewe tangu utotoni, na bega liliruka. Mama alinizoesha kutazama chini tukiwa kwa watu; alisema nikijulikana sitaolewa. Lakini kwenye kizuizi cha mlango wa soko askari kijana aliniinua kidevu, na macho yakaanza fujo.

"Wewe! Unakonyeza nani? Magendo iko wapi?"

Alidhani nawapa ishara wenye kahawa. Akamwaga chumvi yetu, akanikalisha juani, akasema jioni nitapelekwa kambini. Msichana kupelekwa kambini siku zile, mwanangu, nisikueleze zaidi. Nilimtazama mama aseme neno moja tu, kwamba macho yangu ndivyo yalivyo. Akatazama chini. Soko zima lilikuwa linasikiliza, na aibu ikamziba mdomo. Hilo liliniuma kuliko yote.

Akatokea sajini, mtu mzima, anatoka kula. Akachuchumaa, akanitazama usoni.

"Achana na yeye," akamwambia kijana wake. "Mimi iko na mutoto namna hii. Kwa kambi, kila laini ya nyumba utapata mumoja, ingine wawili. Hii hapana ishara."

Mpagazi mmoja wa Kongo akatua mzigo, akacheka. "Hata ndugu yangu iko vile, afande. Yeye ni shingo ndiyo inaruka." Muuza ndizi akasema mwanawe anaguna siku nzima, na koo ni zima. Wakaendelea kutaja wa kwao hivyo hivyo, kana kwamba walikuwa wakingoja mtu aanze. Ndipo mama, akizoa chumvi mchangani, akasema bila kuinua kichwa: "Hata mimi. Nikiwa mutoto. Iliisha yenyewe."

Miaka yote hiyo nikidhani niko peke yangu duniani, na tunalala nyumba moja! Tukaachiwa, tukarudi nyumbani. Sikuwa na hasira. Nilichoka tu, na uchovu ule bado ninao.

Basi mwache mtoto apepese. Hafanyi makusudi, na ukimkaripia yanazidi. Wako wengi kama yeye, shuleni, kanisani, barabarani. Wengi hali hii huwatoka wakikua. Wengine tunazeeka nayo, na bado tunaolewa. Usimfundishe kutazama chini. Watu wakiuliza, sema wewe kwanza.

Na leo kabla hajalala, mwambie kwamba hata wewe ulikuwa nayo. Ndiyo, wewe. Umesahau kwa sababu sikukufokea hata mara moja.

Mungu akupe subira, mwanangu, na huyo mdogo amjalie kutazama watu usoni maisha yake yote.