Mfereji Nilioung'oa Ukunda

Sijamsimulia mtu yeyote shuleni, na wale wavulana wawili wa darasa letu waliokuwapo siku ile nikiwaona kwa mbali nageuka naenda njia ya maktaba, hata kama sina kitabu cha kurudisha. Lakini nina hasira, na hasira zangu haziishi mpaka niziandike. Basi naandika: mimi ndiye msichana aliyeufurikisha maji ua mzima pale Ukunda, akakutwa na mfereji wa bomba mkononi.

Siku tuliyohamia, mama na mimi, mwenye nyumba Bi Zuhura alitupokea kwa sinia la mahamri na mbaazi za nazi, akatukalisha mkekani, akasema hapa ni kwenu. Nyumba yenyewe haikuwa na balbu hata moja, na mfereji wa nje ulikuwa umefungwa kwa mpira wa baiskeli na bado ukivuja. Nikamnong'oneza mama tuandike kilichomo na kibovu, Bi Zuhura atie sahihi. Mama akanifinya paja. "Umeshakula mahamri ya mtu, utaanzaje kumhesabia balbu?" Nikarudisha daftari mkobani. (Mimi, ninayeandika hata nimekula nini mchana.) Baadaye mama akanunua balbu, akanunua na mfereji mpya wa shaba, na Bi Zuhura akashukuru kwa mdomo tu.

Sasa Jumamosi ya kuhama, mama yuko nje ya geti anafunga kamba na mzee wa mkokoteni, mimi nimebaki kufagia. Nikaziangalia zile balbu, nikasema ni zetu, nikazifungua. Halafu nikauangalia mfereji. Tulinunua sisi. Maji hayakuwa yametoka wiki nzima, kwa hiyo hata wazo la kufunga maji kule kwenye mita halikunijia, nikachukua spana nikazungusha, na hayo maji yaliyotukimbia wiki nzima yalikuwa yamerudi asubuhi ile kimyakimya, yakanitandika kifuani mpaka nikakaa chini. Nikaziba paipu kwa kiganja, yakapita katikati ya vidole yakaruka mbali zaidi, moja kwa moja hadi barazani kwa jirani yetu Mama Kevo, kwenye jiko lake na chapati za kuuza.

"Aki wewe," Mama Kevo akasema, "si ungefunga maji kwanza?"

Watu wakajaa. Dera limenigandia mwilini, natamani ardhi inimeze, na wale wavulana wawili waliokuja kununua chapati wamesimama pale wanaangalia. Mtu akakimbia kufunga maji. Ndipo Bi Zuhura akaingia, kanga yake haina hata tone, sauti ya chini kama anayeuliza habari za nyumbani.

"Mwanangu, huo mfereji waupeleka wapi?"

Siku zote nikinyamaza watu husema nina adabu. Siku ile walisema nina hatia.

"Shusheni vitu," akasema. "Tutazame na vingine."

Mama aliomba, akaeleza, hakusikizwa. Mzee wa mkokoteni akaanza kushusha, gunia moja likapasuka, nguo zetu za ndani zikamwagika barabarani (zangu zile zenye viraka juu, lazima), nami nikaziokota mbele ya watu wote huku nikitiririka maji. Bi Zuhura akachukua balbu. Akachukua fimbo za pazia, tulizonunua sisi. Kisha akainama akainua kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi.

"Na hiki nilikiacha jikoni mlipoingia."

"Hicho ni cha marehemu mama yangu," mama akasema. "Kimetoka Majoreni. Huo waya mguuni alifunga yeye kwa mkono wake."

"Changu pia kilifungwa waya. Kama sivyo, nionyesheni palipoandikwa."

Mama akamgeukia Mama Kevo, aliyekula wali wetu wa nazi mara ngapi sijui, aliyekikalia kibao kile kile akituchekesha. Mama Kevo akazitazama chapati zake zilizolowa.

"Aliyeng'oa mfereji mchana kweupe," Bi Zuhura akamalizia, "atashindwa na kibao?"

Hapo ndipo ninapotaka kulia mpaka leo. Mama hakuiba kitu maishani mwake, na neno lake halikuwa na uzito wowote kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama pale na spana. Alikiachilia kibao cha mama yake. Hakunigombeza, njia nzima hakusema kitu, na heri angenigombeza.

Mwanamke yule nimemchukia, naandika hivyo hivyo bila kufuta. Mahamri yake nayo nimeyachukia.

Kule Waa tulikohamia, mwenye nyumba mpya, Mzee Kassim, alitukaribisha chai barazani. Nikamwamkia shikamoo, nikatoa daftari.

"Chai nitakunywa, baba, lakini tuandike kwanza."

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Wanidhani mwizi, mwanangu?"

"La, baba. Nataka siku tukitoka usinidhanie mimi."

Akaweka kikombe chini, akainuka. Tukapita chumba kwa chumba: balbu mbili, ya jikoni haiwaki, kioo cha dirisha kina ufa, mfereji mzima. Akatia sahihi, nikatia na mimi, chai ikapoa. Nimeapa sitolala tena katika nyumba ya mtu kabla ya kuandikiana hivyo, hata nikaribishwe na pilau.

Nilipokuwa nafunga daftari mama akaita kutoka jikoni, maneno yake ya kwanza kwangu tangu Ukunda.

"Andika na kibao cha mbuzi."

"Lakini hatuna, mama."

"Andika hivyo. Tumeingia hatuna."