Honi ya Pili

Siku yangu ya kwanza kwenye machimbo ya kokoto, nje kidogo ya Miyuji, sikupewa nyundo wala sururu. Mlipuaji mkuu, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, alinisimamisha mbele ya jabali. "Kijana, hapa kazi ni masikio. Honi ya kwanza, jifiche. Honi ya pili, toka. Katikati yake huna baba wala mama."

Baadaye nilijifunza kutoboa mwamba, kushindilia baruti na kufunga tambi, ile kamba inayopeleka moto kwenye fataki. Nikahamishiwa Kibakwe, nikarudi Miyuji nikiwa mlipuaji mkuu mwenyewe, nikiishi na mke na watoto hatua chache kutoka machimboni. Niliwafokea vijana maneno yaleyale na sijuti; wote walirudi kwao na vidole vyao.

Nilipostaafu, binti yetu Neema alitupeleka, mimi na mama yake, matembezi kwa meli ya watalii. Sisi wa Dodoma, maji mengi tumezoea kuyaona bwawani! Tukatia nanga kwenye bandari ndogo iliyozungukwa na majabali. "Honi ikilia mrudi haraka," Neema alituonya. "Meli haisubiri mtu."

Wenzetu walipiga picha bahari. Mimi nilimwonyesha mke wangu mahali ambapo ningetoboa.

"Baba Neema, umestaafu. Liache jabali la watu."

Tukapanda juu kidogo, polepole kwa sababu ya magoti. Ghafla honi ikalia. Sikufikiri, nilijikuta nimechuchumaa nyuma ya mwamba, mikono kichwani. Nikageuka nimvute mke wangu. Alikwishachuchumaa kabla yangu, amejifunika khanga.

Tukakaa hivyo, tunasubiri. Neema akaja anahema. "Baba! Mama! Meli inaondoka, nyie mmejificha?"

Nilicheka hadi machozi. Mama Neema hakucheka.

"Wewe ulikuwa na mwamba," aliniambia tukishuka. "Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko na watoto, sijui kama unarudi mzima. Mpaka ile ya pili."

Miaka yote ile hakuwahi kuniambia, nami nilidhani kazi ile niliifanya peke yangu. Iliniuma.

Tulikuwa wa mwisho kupanda. Meli ilipong'oa nanga, ikapiga honi tena. Nikamsikia akishusha pumzi, ile aliyokuwa akiishusha jikoni wakati mimi najikung'uta vumbi. Safari hii nilikuwa nimemshika mkono.